Ukuta wa Fimbo Sita

Jumanne, 4 Machi

Wiki ya tano ya ndoa, na mume wangu bado anaomba ruhusa ya kufungua friji! Leo asubuhi kasimama mbele yake kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. "Bi Fundi, naweza kunywa maji?" Nikamwambia friji haina mlinzi. Akacheka. Akanywa glasi moja, akaiosha, akaifuta, akairudisha palepale alipoikuta.

Mimi na cherehani yangu, mjane wa miaka tisa, sikutegemea kuolewa tena nikiwa na miaka hamsini na sita. Tena na fundi saa! Alikuja na suruali nimfupishie. Akaja tena. Na tena. Mara ya nne nikamwambia, baba, tukiikata tena hii itakuwa kaptura. Ndipo akasema kilichomleta.

Lakini lile begi lake. Liko chini ya kitanda, nguo zote zimo humo, zimekunjwa vizuri. Nimempa nusu ya kabati. Nusu hiyo ina tai moja tu.

Jumatano, 5 Machi

Begi lile nimelala nalo akilini, nimeamka nalo. Na leo nikiwa napiga pasi kola nikapata jibu — fimbo!

Fimbo zake za kuvulia samaki haziko hapa. Ziko kwa dada yake, alikoishi miaka ishirini kwenye chumba cha uani. Kila Jumamosi anapita kule kuzichukua, anakwenda bwawani, anavua, anazirudisha, ndipo anakuja kwangu na ndoo yake mkononi. Kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asizilete. Akasema ndoana zitanasa vitambaa vya wateja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nitampa ukuta! Kibao cha kuwekea fimbo, cha mbao, cha kupigwa ukutani pale chumba cha kushonea, mkabala na dirisha. Asijue chochote mpaka siku yenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda duka la samani. Muuzaji ana tai na maneno mengi. Kibao anacho, cha fimbo kusimama wima, kimechorwa samaki anayecheka. Sijawahi kuona samaki aliyevuliwa akacheka.

Nikakigonga kwa kucha. Unga wa mbao ulioshindiliwa, juu yake karatasi yenye picha ya mbao! Nimeshika vitambaa miaka thelathini, hariri ya uongo naijua gizani. Mbao ya uongo ni binamu yake.

Akaniuliza, fimbo za mzee zina urefu gani, mama? Sijui. Ngapi? Sijui. Mimi! Mimi ninayewagombeza watu wanaotaka nguo bila kupimwa! Nimetoka pale nikijicheka njia nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Samaki wawili. Anasema wa tatu alimkimbia akiwa ameshamshika mkia. Nimemwamini. Nimewakaanga, tumekula tukigombania vichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Yeye yuko kibandani kwake na saa zake. Mimi huyo kwa wifi, tepu shingoni. Wifi yangu ndiye mkubwa wao, mwili wake wote ni kicheko. "Umekuja kumpima nani, wifi? Mimi sijanenepa!" Nikamweleza. Nikamwapisha. Akapiga vigelegele kwanza, ndipo akakumbuka kuwa ni siri.

Fimbo ziko nyuma ya mlango wa chumba cha uani, kila moja imevalishwa soksi kuukuu kichwani. Sita. Nilizipima moja moja, urefu na unene wa mpini, nikaandika kama ninavyoandika vipimo vya bibi harusi. Ndefu kuliko zote: mita mbili na sentimita arobaini. Dari yangu haifiki hapo. Basi hazitasimama — zitalala, moja juu ya nyingine.

Nikiwa nakunywa chai wifi akasema, hivihivi tu, kama anayezungumzia mvua: amekuja mpangaji anakitaka chumba hiki, lakini kaka yake kamwambia kisipangishwe kwanza. Tungoje kidogo, kasema. Ufunguo bado anao mfukoni.

Chai ikapita njia siyo.

Anangoja nini?

Jumanne, 11 Machi

Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Nimefumua. Nimeushona tena palepale! Nikaifunika cherehani.

Kumwuliza naogopa jibu. Kuacha mpango siwezi, vipimo vyote ninavyo kwenye daftari. Nikavaa viatu nikaenda kwa seremala.

Seremala ni mwanamke mmoja tunamwita Mama Msumeno. Mashine imemharibu masikio, kwa hiyo hazungumzi — anatangaza. "KIBAO CHA NINI?" Mtaa mzima sasa unajua.

Lakini kazi anaijua, jamani! Kanionyesha msonobari: mwepesi, mweupe, mzuri kwa macho, ila ukiubana kwa kucha unabonyea. Kisha mvule. Mzito. Kanifanya niunuse. Fimbo zinarudi na maji, akasema, mvule hauogopi maji, na skrubu ukiizamisha humo haichezi. Nikachagua mvule. Nguzo mbili fupi, kila moja na meno sita. Fimbo inalala juu ya meno mawili. Meno yainuke mbele kidogo zisiteleze. Ndani ya kila jino nitabandika mahameli ili mbao isizikwaruze — ninayo ya kijani, vipande vilivyobaki kwenye joho la mwanakwaya.

Mwishoni akauliza: skrubu za kukaa moja kwa moja, au zile za kufungua kirahisi siku mkihama?

Za kukaa, nikasema. Nilisema kwa sauti ya kutosha masikio yake yote mawili. Na yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa! Tumekaa mezani, yeye na lenzi jichoni anachokonoa saa ya mtu. Simu ikalia. Kabla sijasema haloo — "KIBAO CHA FIMBO ZA MUMEO TAYARI!"

Nikaibana simu kifuani. Nikasema ni mteja tu.

Hakuinua kichwa. "Mteja wako ana afya njema," akasema.

Sijui kasikia au hakusikia. Mtu anayesikia saa ikichelewa nusu dakika!

Jumamosi, 15 Machi. Asubuhi

Kaondoka bwawani. Mama Msumeno kaingia na drili. Nimefunika gauni la bibi harusi kwa shuka tatu. Vumbi, kelele, jirani wa chini kagonga dari yake kwa ufagio — tukamgongea na sisi.

Skrubu nane. Kapima kwa pima maji mara mbili. Kiputo kimekaa katikati kabisa. Nikapitisha kiganja juu ya mbao. Laini kama shavu. Jua la dirishani likauangukia mvule, ukawa rangi ya asali.

Kibao kitupu, kinapendeza na kinatisha. Asipozileta?

Alasiri

Kaja! Niandike haraka nisisahau hata neno.

Kaingia na ndoo, samaki mmoja. Kakiona kibao. Ndoo chini. Akapitisha kidole ndani ya kila jino, juu ya mahameli, kushoto yote, kisha kulia yote. Kisha akauliza kitu ambacho mtu mwingine yeyote asingeuliza: "Skrubu zimezama mpaka wapi?"

"Mpaka ndani ya tofali," nikamwambia.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema alisikia tangu Alhamisi. "Siku mbili nimejifanya kiziwi kumshinda seremala wako. Niliogopa nikiuliza, itakuwa si kweli. Mimi sijawahi kutengenezewa kitu, Bi Fundi. Hata stuli."

Nikaona ni sasa au basi tena. "Na chumba cha uani, unangojea nini kukiachia?"

Akashtuka. Akajikuna shingo. "Nilidhani utanichoka. Mtu wa umri wangu akirudishwa, atakwenda wapi? Nikaacha mlango mmoja wazi."

Nikamwambia, baba, mimi nina wateja wanaokuja kuongeza mikono ya gauni asubuhi ya harusi yenyewe, na bado nawapa chai. Sichoki ovyo. Akaanza kucheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona anajifuta macho, nikajifanya natafuta mkasi.

Akautoa ufunguo mfukoni. Akauangalia. Akachukua kofia.

"Nakuja," akasema. Katoka hata samaki hajamtoa kwenye ndoo.

Saa kumi na moja

Wifi kapiga simu. "Wifi, umemfanya nini kaka yangu?" Amemkabidhi ufunguo, kamwambia amwite mpangaji leo leo. Amekodi mkokoteni. Anaimba! Wifi hajamsikia akiimba tangu wakiwa wadogo.

Kisha akakohoa kidogo. Akasema, wifi, zile sita ulizopima ni za nyuma ya mlango. Hukuniuliza za darini.

Za darini!

Saa kumi na mbili kasoro

Mkokoteni uko chini. Kapanda ngazi mara tano. Sita za kwanza kazilaza kwenye mahameli kama anayelaza kichanga, moja moja, kasimama nyuma, karudi kanyoosha moja ambayo haikuwa imepinda. Mungu wangu, zimependeza!

Zilizobaki ni nane. Nimezihesabu mara mbili. Zimelala koridoni kuanzia jikoni mpaka bafuni, pamoja na wavu wenye mpini unaonizidi urefu; nimeziruka nikiwa nimeshika gauni ili kulifikia hili daftari. Simu ya Mama Msumeno inaita haipokelewi. Bila shaka hasikii.

Na yeye yuko chumbani kwetu. Nasikia kitanda kikisukumwa. Kachukua tepu yangu.

"Bi Fundi!" anaita. "Ukuta huu wa juu ya mito — una kazi?"

Nacheka mno, siwezi kujibu. Na yeye hangoji, ameshaanza kupima.