Wasimpigie Awino Kengele

Mogogosiek

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa hai, na leo neno hilo naliandika nikilimaanisha. Mguu wako umepungua kuvimba? Huku mvua haikatiki, na majani ya chai ni mengi hadi mizani haipumziki.

Nimekupigia simu mara mbili, zote nikaishia kuuliza habari za mahindi. Kwa hiyo nampa binamu Ouma barua hii akuletee kesho.

Wiki iliyopita king'ora cha kiwanda kililia nikiwa mlangoni pa ofisi, nikaanguka. Nilipofumbua macho, Chebet, mama mmoja mchuma chai, alikuwa amenishika kichwa. "Karani, wewe ni mzito kushinda gunia la majani mabichi!" alisema.

Hospitalini walinipima mapigo ya moyo kwa mashine, kisha daktari akanichorea. Kila seli ya moyo imezungukwa na utando mwembamba. Katika utando huo kuna protini zilizo kama milango midogo, na chumvichumvi za mwili hupita humo, nyingine zikiingia, nyingine zikitoka. Kupita huko ndiko kunakopigisha moyo. Milango yangu ya kutolea potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo, ina kasoro. Fikiria geti la kiwanda: malori matupu yasipotoka haraka, yaliyojaa yanasongamana. Sauti ya ghafla ikinikuta hapo, moyo hutetemeka badala ya kupiga.

"Umezaliwa nayo," alisema. "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuanguka hivi?"

Nikamsimulia yote. Mama, dada yangu Atieno alizimia kengele ya shule ilipolia. Tukasema ni pepo, tukampeleka kuombewa. Unamkumbuka aliyeshika kengele karibu na sikio lake, mchungaji akamwambia apige kwa nguvu zaidi, akapiga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliendelea kupiga hata alipotulia, nikidhani pepo ametoka. Hakuamka tena.

Daktari anasema hatukujua. Ni kweli, na bado naiona mikono yangu ninapoandika.

Sasa mdogo wetu Awino naye ameanza kuanguka, na umesema Jumapili ataombewa. Nakupigia magoti. Wamwombee, lakini kwa sauti ya chini: pasiwe na kengele, ngoma wala makofi. Asikimbie. Asipewe dawa ya duka, nyingine huzidisha ugonjwa huu. Jumatatu mlete hospitalini huku apimwe, nimeshamwombea nafasi. Vidonge vipo, hata mimi nameza. Wewe na Baba mpimwe pia, maana tumerithi kwa mmoja wenu, na hilo si dhambi ya mtu.

Nisalimie Baba, na nyanya aliyetulea. Msalimie mchungaji wetu, umwambie simlaumu.

Awino asiambiwe nani alipiga kengele ile. Nitamwambia mwenyewe akiwa mtu mzima. Mungu ampe kufika huko.

Mwanao mwenye hofu,
Odhiambo