Maji Bado

Zahanati ya kijiji,
Delta ya Rufiji,
mwishoni mwa Mei.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa baba umepungua uvimbe, sasa anashuka hadi kanisani bila kushikwa mkono. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila mbu wa huku wameshanijua kwa jina. Najua umenuna. Pasaka mlinipikia makande sikutokea, na simu yangu kila ukipiga haipatikani. Leo nakueleza yote. Ila soma mwenyewe kwanza, peke yako, kabla ya kumsomea baba.

Unakumbuka chuo kilinituma huku na Deusdedit, Deo, yule kijana wa Bukoba ambaye wewe na mama yake mlipeana namba za simu siku ya kuripoti. Tuliambiwa watumishi wa afya hawakai delta, basi wanafunzi tuletwe tupazoee mapema, tukihitimu tusikatae kupangiwa huku. Tulifika kwa boti kutoka Mbuchi, maji yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko, nikasema loo, pazuri hivi, watu wanakimbia nini? Zahanatini alitupokea Sista Faraja, muuguzi pekee aliyekuwepo. Alitukumbatia kama ndugu zake waliopotea. Hazikupita siku nyingi akaaga, anakwenda Kibiti kumwona mwanawe, atarudi upesi. Akabeba nguo, redio, hata sufuria. Mtu wa kurudi upesi anabeba sufuria? Hajarudi mpaka leo, nasi tukabaki wanafunzi wawili tusio na wa kutufundisha.

Watu wa hapa, mama, sijaona wakarimu kama wao. Bi Mwantum, mke wa nahodha wa boti ya zahanati, alituletea wali wa nazi na kamba kila siku, akawa ananiita mwanangu. Mwanzoni nilifurahi. Kisha wakanipa jaruba la mpunga, limeshapandwa, wakasema ni langu. Wakanijengea na dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa Rufiji hukaa wakifukuza ndege na nguruwe shambani. Nilicheka, nikamwambia Bi Mwantum kwamba mpunga ukiiva mimi nitakuwa kwetu Usangi. Yeye hakucheka. Alinijibu taratibu kwamba mpunga wangu nitauvuna mwenyewe.

Muda wetu wa mafunzo ulipokwisha tulimwendea Mzee Abbasi, huyo nahodha, atutoe. Akasema haiwezekani, ni maji mafu. Alitueleza kwa upole kwamba kuna siku bahari hujaa kidogo tu, mkondo wetu unabaki tope, na boti ikiingia inanasa. Tusubiri bamvua, maji yakijaa sawasawa. Tulimwamini. Sisi watu wa bara tunajua nini? Kwetu milimani maji yakishateremka yameteremka, hayana habari ya kurudi. Tulisubiri. Tulipouliza tena, akasema maji bado. Mara nyingine injini mbovu, kisha maji bado. Wenye mitumbwi nao, kila tuliyemwomba alituelekeza kwa Abbasi, tena bila kututazama usoni. Siku tuliyopata mtandao tulipiga chuoni, tukaambiwa tusithubutu kupanda boti nahodha akikataa, usalama kwanza. Deo akawa kila asubuhi anafunga begi, jioni analifungua. Unajua mdomo wangu, mama. Nilimtania hadi siku nilipomkuta analia juu ya hilo begi.

Basi, wiki iliyopita Yasmin, bintiye Abbasi, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alitoka salama, na kondo la nyuma likatoka, lakini damu ikakataa kukoma. Sindano ya kukaza mfuko wa uzazi tulimchoma, damu bado. Mimi nilikuwa nimemkandamiza tumbo kwa nguvu zangu zote, Deo anahangaika kutafuta mshipa wa kuweka dripu, na mishipa ilikuwa imeshajificha. Aliupata, Mungu ambariki. Nikapiga kelele kwamba huyu asipofika hospitali anatufia mikononi. Asubuhi ile ile Abbasi alikuwa ametuambia maji bado. Lakini Bi Mwantum alipomwita, sikumaliza hata kumfunika mgonjwa, boti ilikuwa mlangoni, mafuta yamo, injini inanguruma. Niliangalia mkondo, mama. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko, vile vile kama siku tuliyofika.

Nilikwenda na Yasmin, mkono wangu tumboni mwake njia nzima, Deo akabaki zahanatini. Hospitalini akaongezewa damu, akapona. Nje, Abbasi alilia kama mtoto. Akaniambia kwamba kila mtumishi aliyewahi kuletwa kijijini, yeye ndiye aliyemtoa, kwa boti hiyo hiyo, na kila mmoja alimuahidi kurudi. Alipoondoka Faraja kijiji kilikaa kikao, kikakubaliana kwamba wanaofuata, kila wakiuliza, maji yawe hayatoshi. Akasema hila hiyo karibu imuue bintiye mwenyewe, maana siku mbili kabla nilimshauri Yasmin akajifungulie hospitali, naye baba mtu, kwa kuwa alishatuambia maji bado, akaona aibu kutoa boti tukiwa tunamtazama. Kisha akaninyooshea kidole: barabara ile pale, mabasi ya Dar yanapita, nenda zako, sitakuzuia.

Basi lilisimama mbele yangu, mama, konda ananiita. Nilimuuliza Abbasi ni nani mwingine mjamzito kijijini. Akamtaja Shamsia, ambaye uzazi wa kwanza mtoto alikwama akafa, na sasa ana mapacha. Akawataja na wengine. Nikajiambia nafuata begi langu na Deo, tunatoka wote. Kweli nilijiambia hivyo.

Tuliporudi, watu walikuwa wamesimama kwenye tope wakitusubiri. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wenye mimba walikuwa mbele, Shamsia amejishika kiuno, wote wananitazama mimi. Deo alitoka mbio kunipokea, akaniuliza kama maji yanatosha ili kesho tuondoke.

Mama, nilimdanganya. Nilimwambia tumekwaruza tope njia nzima, tumeponea chupuchupu, na kuanzia kesho ni maji mafu. Yalinitoka yenyewe, kwa ile sauti ya upole ya Abbasi. Abbasi alisikia, akainama, akafunga kamba ya boti. Deo aliniamini kwa sababu ni mimi. Najua ni dhambi. Lakini mimi nilikuwa na mikono miwili tu, na Yasmin bila Deo angekufa. Akiondoka yeye, Shamsia nitampokea na nani? Na siwezi kumweleza ukweli. Akiujua hatakaa hapa hata dakika moja, atajitosa kwa miguu kwenye tope.

Mtihani wake wa chuo umeshampita, na wangu pia. Siku hizi hafungi begi. Jana aliniuliza kama kweli bahari inaweza kukauka moja kwa moja, nikamwambia asubiri. Ninaogopa, mama. Simwogopi Abbasi wala Bi Mwantum. Najiogopa mimi, jinsi ninavyolala usingizi vizuri.

Abbasi ananisubiri aichukue barua hii, maji ni mazuri sana leo. Deo nimemtuma dunguni akafukuze ndege kwenye mpunga wangu. Kule mkondo hauonekani. Msalimie baba, umwambie mguu aukande kwa maji ya moto. Wasalimie wa kwaya na majirani wote wa Usangi, na uniombee.

Mama yake Deo akikupigia kuuliza, mwambie maji bado.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Elinipendo