Makala ya Saba Haipo

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako. Mimi mzima, ila mafua yamenigandia. Shemeji na mapacha hawajambo? Na huo mgongo umepona, au bado unajitia kijana?

Umeuliza mbona nimekuwa kimya. Nilikuwa na kazi, tena chafu. Unajua jarida letu hupimwa kwa kuhesabu makala zake zimetajwa mara ngapi na watafiti. Mwaka juzi kipimo kilishuka, mhariri mkuu akaja na dawa yake: kila anayetuletea makala nimtumie orodha ya makala zetu kumi na moja, azitaje zote ndipo yake ipite. Mimi ni katibu, nikatuma. Wasomi wazima na miwani yao wakazitaja bila kuuliza.

Sasa sikia kichekesho. Makala ya saba kwenye orodha ile haipo. Mwandishi wake aliiondoa kabla haijachapishwa, na mhariri akasahau kuifuta kwenye orodha. Watu thelathini na wanne wameinukuu! Nilicheka mpaka machozi, halafu nikashikwa na aibu, maana barua zote zina saini yangu.

Nikamwendea mhariri nikamwambia situmi tena. Akasema bila kipimo hakuna jarida, na bila jarida hakuna katibu.

Nikamjibu, "Basi asiwepo."

Wiki iliyopita nilizikusanya barua zote na majibu ya waandishi, nikazipeleka kwa wanaopima majarida. Jana wamejibu kwamba wanatuondoa kwenye orodha yao ya majarida yanayotambuliwa.

Kaka, najua faili lako la kuombea uprofesa lina makala tatu, zote za kwetu. Kamati haitazihesabu tena. Nilijua hivyo kabla sijapeleka. Na kuna jingine, heri ulisikie kwangu: kati ya wale thelathini na wanne, wewe umo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kukufuta. Sikukufuta.

Makala zako mbili za kwanza ni nzuri, hata zisipotajwa na mtu. Ya tatu unaijua mwenyewe. Nenda mbele ya kamati ukaseme kabla hawajakuita. Ukitaka kuninunia, ninunie mwaka mzima, msamaha siombi.

Nibusie mapacha, na shemeji mwambie namkumbuka sana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, katibu wa zamani.