Kusubiri Salamu za Mwanaesha Ufukweni Itsandra

Jumapili, Moroni. Joto la kutwa. Mawingu yamelala juu ya mlima tangu asubuhi na mvua haikunyesha. Hali yangu si mbaya, si nzuri. Nimekula, nimeoga, nimekaa.

Naandika Kiswahili kama kawaida. Nyumbani tunasema Kingazija, na kazini Mutsamudu, kisiwa cha pili, ni Kifaransa mpaka jioni. Lakini kuandika nilijifunzia Unguja, na mkono ukishazoea huwezi kuubadilisha.

Leo nimetoka Itsandra tena. Jumatano narudi Mutsamudu, kwenye ofisi ya forodha, kwa hiyo hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kumsikia dada yangu redioni. Nieleze kwa utaratibu, maana nikija kuusoma ukurasa huu mwakani nitajiona mwehu: mtu mzima, mwenye kazi ya serikali, anakwenda kukaa na Mzungu ndani ya hema ilhali ana nyumba.

Dada yangu mkubwa Mwanaesha ana nyumba hapa Moroni na hajawahi kulala humo. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto wa kike wa kwanza hujengewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Baba aliianza tulipokuwa Unguja, akituma vijisenti kidogo kidogo, na mimi nikamalizia paa. Tulipoambiwa kwamba Unguja si kwetu tena, tulifunga mizigo tukarudi, Mwanaesha akabaki. Alikuwa ameshaolewa kule, na mumewe ni mtu wa pale pale, hana pa kwenda. Alisema atakuja baadaye. Hiyo baadaye imekuwa miaka.

Sasa mdogo wetu Sittina ameposwa. Ni harusi kubwa, ile ambayo mji mzima unalishwa na watu wanaikumbuka mpaka wanazeeka. Bwana harusi lazima aingie nyumbani kwa mke mbele ya macho ya watu. Nyumba iliyo tayari ni moja tu, na si ya Sittina.

Mjomba Mdahoma, ndugu yake mama, ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo haya. Amesema hamwingizi mwanamume kwenye nyumba ya mwanamke mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba. Wala hataharibu miadi ya watu. "Aje, au aseme," alisema, akavaa viatu vyake akaondoka. Ndiyo tabia yake, akishasema hakai kusikiliza.

Mama yeye hakutaka aseme. Alitaka aje.

Kuna sababu. Baba alifariki mwaka jana na Mwanaesha hajui. Mama ndiye aliyekataza aambiwe. Habari ya msiba, alisema, hapelekewi mtu aliye peke yake ugenini. Atakuja, atafika mlangoni, wanawake watamshika mikono, ndipo aambiwe. Hakuna aliyembishia, kwa sababu kila mtu hapa angefanya vivyo hivyo. Tangu hapo mimi ndiye ninayeandika barua za nyumbani, na nimekuwa hodari wa kuzungukazunguka. Wote wanakusalimu, naandika. Simtaji mtu jina.

Barua zenyewe ni za kubahatisha. Kuna mfanyabiashara mmoja wa nguo anayekwenda na kurudi, huyo ndiye posta yetu. Safari iliyopita tulimtuma kwa mdomo: harusi ya Sittina iko karibu, nyumba inahitajika, unakuja? Alirudi na jibu la ajabu kidogo. Mwanaesha amesema kuandika barua za nje kunamletea maswali, kwa hiyo atajibu kwenye kipindi cha salamu cha redio ya kule, Jumapili baada ya Magharibi. Tukae tusikilize.

Rahisi kusema.

Mutsamudu nilipanda juu ya dari na redio yangu ndogo na mawe mapya ya betri. Mtaa mzima umebanana, nyumba imeegemea nyumba, na mtambo wa umeme hauko mbali. Nilichopata ni mlio kama wa samli inayoungua. Jirani mmoja aliuliza kama ninakaanga kitu huko juu. Nikaomba likizo, nikaja Moroni, na hapa pia ni kelele tupu.

Hapo ndipo akaingia yule Mzungu, Msyu Rolan. Anafundisha hesabu shule ya serikali, na kila mwisho wa juma anapiga hema Itsandra, anafunga waya mrefu kutoka mnazi hadi mnazi na kukaa chini yake na redio kubwa kama sanduku la nguo. Ugonjwa wake ni kusikiliza stesheni za mbali kwenye masafa mafupi. Akiipata anawaandikia, nao wanamrudishia kadi ya kuthibitisha kwamba kweli amewasikia. Kadi hizo amezibandika ukutani kwake. Watu wa Itsandra walimhurumia mwanzoni. Walidhani serikali imemfukuza kwenye nyumba, wakampelekea wali na samaki. Sasa wameshamzoea, lakini wali bado unakwenda.

Nilimweleza shida yangu nusu nusu, kwamba nataka kuisikia Unguja. Alisikitika kidogo, kwa niaba yangu. Yeye anatafuta Amerika ya Kusini, anatafuta Japani. Unguja, alisema kwa Kifaransa chake cha upole, ni mlango wa pili, haihesabiki. Tukapatana: atanipa nusu saa baada ya Magharibi, nami nitamwambia stesheni nyingine zinasema lugha gani. Kiarabu najua, na Kihindi nakitambua kutoka madukani.

Jumapili ya kwanza tulipata kipindi, salamu nyingi, yake hakuna. Iliyofuata sauti ilikuja ikapotea, ikaja ikapotea, na stesheni ya Kireno ikaimba juu yake mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nimenuna na sikutaka kuulizwa.

Leo nilifika mapema. Msyu Rolan alikuwa akichemsha chai, ambayo anaitengeneza vibaya na anajivunia. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakatutazama, mmoja akaniuliza kwa Kingazija kama na mimi nimefukuzwa kwangu. Nikamwambia bado. Wakacheka wakaenda zao.

Niliswali Magharibi pale pale mchangani. Yule bwana ana adabu, huipunguza sauti redio yake mpaka nimalize. Kisha akanipa vile vyombo vya kuvaa masikioni na yeye akabaki na kimoja, tukawa tumeinamiana kama watu wanaosengenya. Akausogeza mshale polepole. Unguja ikatoka safi. Sijapata kuisikia hivyo tangu tuondoke.

Mwanamke alikuwa akisoma kadi za salamu. Ana sauti ya kuchoka. Huyu anawasalimu hawa, yule anawasalimu wale, ujumbe wake ni kuishi kwa kupendana, halafu mwingine. Mitaa aliyoitaja naijua yote. Nilijikuta nafuata njia kichwani, kutoka kwa kinyozi mpaka kwenye shule yetu, na karibu nipitwe.

Kisha akasoma: Mwanaesha Ali anamsalimu baba yake mpenzi mzee Ali, mama yake, mjomba wake Mdahoma, kaka yake Salim, na mdogo wake Sittina. Ujumbe wake ni kwa Sittina. Mdogo wangu, ingia wewe nyumbani, nyumba nimekupa kwa radhi yangu. Mimi huku nimeshakaa.

Akaenda kwenye kadi nyingine.

Msyu Rolan alinyanyua kidole gumba akauliza kama imesikika vizuri. Nikasema vizuri sana. Akaandika alama zake za usikivu. Akauliza kama ni habari njema, nikasema ni salamu za nyumbani tu. Akaniuliza kama nataka kuendelea kusikiliza, kwa kuwa nusu saa yangu haijaisha. Nilimrudishia vyombo vyake, nikamwambia atafute Japani.

Kitu cha kwanza nilichokihisi ni nafuu. Yu hai, mzima, ana akili zake, na ametoa jibu lililo wazi kuliko tulilostahili. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikaanza kuyasikia yale majina upya, kwa mpangilio wake, na yule aliyetangulizwa. Nilihuzunika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lori la mchanga likanichukua mpaka mjini, na dereva alizungumza peke yake njia nzima.

Mjomba alikuwa sebuleni na Mama. Niliwapa ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno. Mjomba akataka kujua nani mwingine amesikia.

"Mzungu," nikasema.

"Mzungu amesikia nini?"

"Amesikia sauti. Maneno haelewi."

Hilo lilimpa tabu. Nyumba ya mwanamke haihamishwi kwa sauti iliyotoka kwenye sanduku na kusikiwa na mtu mmoja. Alifikiri huku akizichezea tasbihi zake. Mwishowe akaniambia nitie udhu, akanishikisha Msahafu, nikaapa kwamba nimemsikia akitajwa kwa jina lake na la baba yake, na kwamba ameitoa nyumba kwa radhi. Nimeapa kweli. Akasoma Fatiha, akavaa viatu, akaenda kuwaarifu watu wa bwana harusi kwamba mlango umepatikana.

Sittina alisikia kila kitu kutoka jikoni. Nilidhani atafurahi. Alikuja na mikono imejaa unga, akasimama, akauliza, "Kwa hiyo haji?" Nikamwambia haji. Akarudi jikoni, na chakula cha leo kilikuwa na chumvi kupita kiasi. Tulikula hivyo hivyo.

Baada ya kula tukabaki mimi na Mama. Hakuwa ameuliza lolote mbele ya Mjomba. Alijitanda leso yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kutoka, kisha akaniuliza kimya kimya.

"Katika salamu zake, alianza na nani?"

Ningeweza kumwambia alianza na yeye. Nililifikiria. Lakini nilikuwa nimetoka kushika Msahafu muda si mrefu, na Mama ananijua.

"Alianza na Baba," nikasema.

Hakulia. Mama alimaliza kulia ndani ya eda, au ndivyo anavyotaka tuamini.

"Kumbe yeye bado anaye," akasema.

Kisha, kwa sauti ile ile anayotumia kunituma sokoni, akasema basi sasa haji tena, hakuna wa kumngojea mlangoni, na si haki mtu aendelee kumsalimu maiti mbele ya nchi nzima. Nimwandikie. Nikamwuliza nimwandikie vipi habari kama hiyo, akiwa peke yake, bila hata mtu wa kumshika mkono. Mama akasema mumewe atamshika. Nikasema mumewe hata simkumbuki sura yake vizuri. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, Salim," akainuka akaenda kulala.

Namwelewa. Mwaka mzima amekuwa akiishi na picha moja kichwani: binti yake anashuka kwenye gari, anatembea kuja mlangoni, wanawake wako tayari. Aliipanga vizuri, mpaka nani atakayesimama upande gani. Leo mtu asiyetujua, mwenye sauti ya kuchoka, ameifuta kwa maneno machache, na hana kosa. Wala Mwanaesha hana kosa. Amefanya jambo kubwa kwa mdogo wake. Sijui mimi ningeweza, kuitoa nyumba yangu pekee hewani kati ya wimbo na wimbo.

Tungemwambia mapema pengine angekuja. Pengine asingekuja vilevile. Hili nimelizungusha tangu jioni na halina mwisho, naliacha.

Yule mfanyabiashara anaondoka keshokutwa. Nimekaa mezani tangu Mama aende kulala na karatasi ya barua kando ya daftari hili. Nimemshukuru kwa nyumba, kwa niaba yetu sote. Nimemweleza harusi itakavyokuwa, na kwamba Sittina alikosea chumvi kwa sababu yake. Nimemweleza kwamba paa halivuji, madirisha ya upande wa bahari yamepakwa rangi, na chumba kimoja tutamwekea hata kama haji. Nimemwambia sauti ilisikika safi kabisa, kila jina.

Ukurasa umejaa pande zote mbili, na Baba bado yu hai.

Kesho nitachukua karatasi nyingine, nianze na yeye.