Jibini la Divine na Dagaa Wangu

Jumamosi, Julai 2008

Harufu ya jibini lile bado iko puani mwangu. Linanuka kama soksi za mume wangu akitoka zamu ya usiku, na bado watu walipanga foleni kulinunua!

Binti yangu Divine ndiye aliyetaka twende. Tumepanda treni kutoka kwetu Macquarie Fields hadi mjini, kisa mtaa mmoja umefungwa kwa ajili ya gulio la Wafaransa. Tukatembea huku tunakula. Mkate mgumu unaochubua fizi, wanausifia. Konokono! Kule kambi ya wakimbizi tulikuwa tunawafagia nje mvua ikinyesha. Hapa wamelazwa kwenye siagi, wanaheshimiwa kuliko mimi.

Kisha Divine akaonja jibini lenye ukungu wa buluu, akafumba macho kama anayeombewa. Mtoto huyuhuyu, nikikaanga dagaa, hufungua madirisha yote hata kwenye baridi hii. Rafiki zake wakija, hunisihi nisipike kabisa.

Nikamuuliza, "Na hili halinuki?"

"That's culture, Mum."

Eti utamaduni! Nilicheka, lakini iliniuma. Leo anawaonea haya dagaa. Siku akianza kunionea haya mimi...

Tulipofika nyumbani akalitia jibini lake kwenye friji yangu, akaniomba nilifunike vizuri, lisije likashika harufu ya dagaa.

Sikuligusa. Nimewafunga dagaa wangu kwenye mifuko miwili, nikakaza fundo. Wasije nao wakashika culture.