Ahsante Niliyompa Muuza Redio

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Iguguno hatujambo, alizeti tumeshavuna, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza kama ulijiaibisha kwa kuomba uongezewe waya wa antena bure baada ya kulipia televisheni, muuzaji akakucheka. Nimekasirika mpaka uji umeungulia jikoni.

Mimi nilipokuwa msichana nilinunua redio mjini Singida. Nililipa kwanza, halafu nikasimama nikisubiri nyongeza, maana gulioni kwetu ukishalipia debe la mahindi, muuzaji anakuongezea kiganja bila kuombwa. Nikaomba betri. Yule bwana akacheka: "Hapa si gulioni, binti. Ungesema kabla hujalipa." Na betri zimejaa rafu nzima nyuma yake! Nikabeba redio yangu bubu, nikamwambia ahsante. Hiyo ahsante inanichoma mpaka leo kuliko kicheko chake.

Siku nyingine omba kabla hujatoa hela. Lakini kesho rudi dukani, simama mbele ya wateja wake, omba waya wako. Akicheka, usicheke naye.

Ni mimi bibi yako, bado nimenuna.