Shuka Ulilotandazia Ndege

Baba,

Muuga? Nakusalimu kwa Kimeru chetu. Natumaini huko uliko hakuna baridi kama hii ya Timau. Jana asubuhi umande uliganda tena juu ya viazi, na Mama akasema ungekuwepo ungemlaumu yeye kwa kupanda mapema.

Ni mimi, Kinya wako. Tangu tukuzike nimekuwa nikiona haya kukuandikia. Hata sasa naandika nikiwa nimeupa mgongo ukuta wenye picha yako.

Unakumbuka siku niliyokupigia simu kutoka Afrika Kusini, nikakuambia nimepata leseni ya kurusha ndege? Nilikuwa karani wa shamba la miwa karibu na bahari, na klabu ya jirani ilikuwa ikinifundisha wikendi. Hukuuliza ni leseni ya namna gani. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Mwari wakwa, binti yangu, kumbe wale mbuzi niliouza ili usafiri wamepaa!"

Kesho yake, Mama aliniambia, ulitoa shuka jeupe la kitanda cha wageni ukalitandaza kwenye nyasi mbele ya nyumba, ukaweka mawe kwenye pembe zake. Eti nikipita juu nisikose nyumbani. Tangu hapo kila ndege iliyopita, ya watalii wanaokwenda Samburu au ile ya kunyunyizia ngano dawa, ulikimbia kutoka shambani ukapunga kofia. Majirani walikucheka, wakakubatiza Baba Rubani. Nawe ukalibeba jina hilo kifua mbele hadi kanisani.

Niliporudi nilipaswa kukueleza. Leseni yangu ilikuwa ya ndege nyepesi mno, zile za watu wawili, na ilitambulika huko Afrika Kusini tu. Ili nirushe ndege hapa Kenya ilinibidi niibadilishe iwe leseni kamili ya rubani binafsi. Baadhi ya saa nilizoruka huko zingehesabiwa, nyingine ningeongeza nikiwa na mwalimu, halafu kuna daktari, kuna mitihani ya karatasi, na mwisho mtahini anakaa kando yako hewani. Mimi nikakuambia, "Ni makaratasi tu, Baba." Ukaenda kuwaambia watu kwamba serikali inanichelewesha. Maskini serikali! Nilikuwa hata sijajiandikisha. Nilikuwa naona aibu kukaa darasani na kuanza kufundishwa kitu ambacho kijiji kizima kinajua nimeshakijua.

Kisha moyo wako ukasimama ukiwa katikati ya viazi.

Siku ya mazishi, mwenyekiti wa kamati alishika kipaza sauti akatangaza kwamba binti wa marehemu atapita juu na ndege amwage maua kaburini. Hakuniuliza. Angeniulizaje jambo ambalo wewe ulikuwa umelisema miaka yote? Watu wote wakatazama juu. Baba, nilikuwa nimesimama nyuma yao na viatu vyangu vya matope, nikiwa nimebeba shada. Walitazama mawingu mpaka padri akaanza kukohoa. Ikabidi nipite mbele niseme kwamba leseni yangu ni ya huko, huku hairuhusiwi. Mama Mukiri, jirani yako wa ng'ambo ya mto, akauliza kwa sauti, "Kwani hiyo hewa ya huko si ndiyo hii tunapumua?" Watu wakacheka, wakakumbuka wako matangani, wakanyamaza. Ningefurahi kama ardhi ingenimeza mimi kwanza, wewe ufuate.

Wiki iliyofuata nilijiandikisha. Nilihamia Embu kwa Makena, kule mtaa wa Majimbo, maana ukiwa Timau kila mtu anakuuliza umefika wapi. Unamjua dada yangu. Alinishikia kitabu cha sheria za anga huku akigeuza chapati, na nikikosea jibu ananinyima ya moto. Mitihani ya karatasi nilipita.

Wa hewani nilianguka. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya lile swali la Mama Mukiri. Hewa ya huko si hii. Mimi nilijifunza kando ya bahari, ambako hewa ni nzito na ndege huinuka upesi. Kwetu huku juu hewa ni nyembamba, na jua la mchana huizidishia wembamba, kwa hiyo ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Mtahini alinipeleka kwenye uwanja mfupi wa shamba la ngano, saa sita kamili, matangi yamejaa. Nilipaswa kupiga hesabu ya joto na mwinuko. Mimi nikaenda kwa mazoea ya Afrika Kusini. Tulikimbia, tukakimbia, magurudumu yakagoma kuiacha ardhi. Akakata moto, akafunga breki, tukasimama ngano ikiwa mbele ya pua. Akaniambia taratibu, "Ungetuzika hapa, madam." Nililia ndani ya ndege. Nilijua kama ungekuwa hai ningekuwa nimekupakia wewe siku ya kwanza kabisa, saa sita mchana, nikiringa.

Nilirudi kwa mwalimu nikaanza upya kama mtu asiyejua lolote. Mara ya pili nilipita.

Jumamosi niliruka peke yangu kutoka Nairobi, asubuhi hewa ikiwa bado ya baridi. Nilipita Embu, nikazunguka bega la mlima, nikaiacha Meru nyuma, nikatokea Timau. Sikushuka chini ya kiwango cha sheria. Leseni nimeipata kwa taabu, siwezi kuichezea. Nilidhani nitatafuta nyumba kwa muda. Nilikuwa nimemwambia Mama siku nitakayopita, lakini shuka aliniambia alilifungia sandukuni.

Lilikuwa kwenye nyasi, Baba. Jeupe, na mawe yake. Mama amesimama kando akipunga kofia yako. Nami, mjinga wako, nikatafuta mtu wa pili pale chini.

Nilitikisa mabawa, kushoto na kulia. Mara ya kwanza ilikuwa kumjibu Mama. Nikaendelea kutikisa. Hizo nyingine zilikuwa zako, za ndege zote ulizozipungia zikapita bila kukujibu.

Lala salama, Baba. Nakuahidi mtu akiniita kapteni nitamweleza leseni yangu ni ya namna gani na hairuhusu nini, hata kama atachoka kunisikiliza. Na kila nikipita juu ya viazi vyako nitatikisa mabawa, pawe na mtu au pasiwe na mtu.

Mwari waku,
Kinya